Fundi Hafanyi Zoezi

SWALI: Nimeandika maelezo ya kushusha giaboksi ya Volkswagen Beetle ya zamani, nikiyatoa kwenye kitabu cha Kiingereza. Mhariri amefuta "kushusha giaboksi" akaandika "kufanya zoezi la uondoaji wa giaboksi". Mwishoni nilipoandika "rudisha giaboksi" ameweka "badilisha giaboksi". Nani yuko sahihi? Tena, ni giaboksi "ya" au "la"?

JIBU: Wewe. Tuanze na kosa lenye gharama. Kurudisha kitu ni kukiweka kilipotoka. Kukibadilisha ni kuweka kingine mahali pake. Kiingereza kina kitenzi kimoja, "replace", kinachobeba maana zote mbili, na mhariri wako ameshika isiyohusika. Msomaji aliyeshusha giaboksi kwa sababu tu raba inayoishikilia kwa mbele imechakaa, akifika kwenye "badilisha giaboksi", ataiacha nzima sakafuni aende kutafuta nyingine.

Hilo limekwisha. Sasa nipe nafasi na hili zoezi.

Siku hizi watu hawahesabiwi, hufanyiwa zoezi la kuhesabiwa. Mitaro haizibuliwi, kuna zoezi la uzibuaji. Mwanafunzi hufanya zoezi, mwanariadha hufanya mazoezi, na wote wawili wanajiandaa kwa jambo lenyewe litakalokuja. Fundi aliyelala chini ya gari hajiandai kwa lolote. Anafungua nati.

Katika nakala uliyonitumia, mhariri ameandika: "Fanya ulegezaji wa nati nne zinazounganisha injini na giaboksi." Wewe ulikuwa umeandika "Legeza nati nne", ukaeleweka. Yeye amemuua kitenzi "legeza", akamzika kwa jina la "ulegezaji", kisha kwa kuwa maiti haitembei, akamwita "fanya" aje kuibeba. Sijui angeliandikaje lile onyo lako la "usiiache injini ining'inie kwenye shafti ya giaboksi". Pengine "fanya zoezi la uepukaji wa uning'inizaji". Msomaji akimaliza kulisoma, diski ya klachi imeshapinda.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba kazi hii Kiswahili kimeiandalia vitenzi vyake. Katika Beetle injini iko mkiani, nyuma ya giaboksi, kwa hiyo injini ndiyo hutangulia kutoka: unaivuta nyuma mpaka shafti ichomoke kwenye klachi, ndipo unaishusha. Kisha unaigeukia giaboksi. Unachomoa waya za starta, unafungua kebo ya klachi, unafunua kifuniko kilicho chini ya kiti cha nyuma ili uifikie fimbo ya gia na kuitenganisha. Siku ya kurudisha, ulichochomoa unakichomeka, ulichofungua unakifunga, ulichofunua unakifunika, ulichoshusha unakipandisha. Chomeka, chomoa. Funika, funua. Funga, fungua. Vitabu vya ufundi hupenda kusema kwamba kurudisha ni kinyume cha kutoa. Sisi kinyume hicho tunacho ndani ya kitenzi, kwenye kiambishi kidogo cha "u" au "o", na fundi hukisikia bila kusimamisha mkono. Halafu anatokea mtu na "uchomoaji" na "uchomekaji", vinavyofanana kama pacha, amkabidhi msomaji mwenye mikono ya grisi achambue kipi ni kipi!

Nitavumilia "kuondoa giaboksi". Si kosa, ila ni la mtu aliyesimama mbali. Walio chini ya gari husema "kushusha", kwa kuwa gari hupandishwa na giaboksi ndiyo inayoshuka. "Upitishaji", tafsiri ya neno kwa neno ya "transmission", ambao naona mhariri ameuchomeka kwenye kichwa cha habari badala ya giaboksi, sitauvumilia. Upitishaji ni wa miswada bungeni.

Kuhusu ngeli: giaboksi tumeikopa kwa Waingereza, na mikopo ya aina hii mingi huingia I-ZI. Kwa hiyo giaboksi ya, giaboksi za. Kanuni hiyo si chuma. Gari, tulilolikopa kwa Wahindi, sarufi imelipeleka LI-YA, na nusu ya wasemaji wanaendelea kusema "gari yangu" bila kuomba ruhusa. Nimechoka kuwakimbiza. Wanaoandika "sanduku la gia" wana haki yao ya "la", ingawa bado sijamsikia fundi akimwambia msaidizi wake amsogezee sanduku.