Rimu za inchi 16 kwa majira ya baridi

Ndugu yangu, umeuliza kama gari lako la familia, Volkswagen Golf, lenye matairi ya 225/45 R17 (upana wa milimita 225, ubavu wa asilimia 45 ya upana huo, rimu ya inchi 17), linaweza kufungwa rimu za inchi 16 kwa majira ya baridi ya Ujerumani. Linaweza, nami naona ni bora zaidi, kwa kuwa tairi la 205/55 R16 lina kipenyo cha takriban milimita 632, dhidi ya 634 za sasa, hivyo kipima mwendo hakitapotoka, na ubavu wake mrefu hustahimili zaidi mashimo yaliyofichwa na theluji. Hakikisha kwanza kwamba hati za gari zinaruhusu kipimo hicho na kwamba rimu haigusi breki za mbele. Kwa usalama wa watoto, badilisha matairi yote manne, yawe na alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji. Tangu Oktoba 2024, herufi M+S (matope na theluji) pekee hazitoshi kisheria.