Jibu: Southern Cloud na ajali za kampuni ya Kingsford Smith

Mkuu, umeuliza kama Australian National Airways, kampuni ya ndege ya marubani wa Australia Kingsford Smith na Ulm, iliuawa na ajali nyingi. Wala hazikuwa nyingi. Ilianza safari Januari 1930 kwa ndege za Avro Ten, injini tatu. Iliyoitikisa ni ajali moja tu, ya ndege yake Southern Cloud: iliondoka Sydney kwenda Melbourne tarehe 21 Machi 1931 na watu wanane, ikapotea. Taarifa mpya ya upepo mkali ilifika ndege ikiwa imeshapaa, na rubani Shortridge angeambiwaje? Redio haikuwemo! Ilitafutwa weee, hola. Oktoba 1958 mfanyakazi wa mradi wa umeme wa Snowy Mountains, akijitembelea porini siku ya mapumziko, akakuta vyuma vilivyopinda katikati ya vichaka. Miaka 27.

Safari za ratiba zilisimama katikati ya 1931, na mdororo wa uchumi nao ulichangia kuibana kampuni. Novemba mwaka huo ndege yake nyingine, Southern Sun, ikaanguka Alor Star, Malaya, na barua za Krismasi. Hakufa mtu.

Ila usiichanganye na Australian National Airways ya akina Holyman ya 1936. Jina moja, kampuni mbili.