Maswali ya wasomaji: Mizabibu ya mlimani

SWALI: Ndugu Mhariri, ninalima ekari mbili za zabibu kwenye tambarare ya Hombolo, Dodoma. Nimeona picha za mashamba ya Côte-Rôtie, Ufaransa, ambako mteremko ni mkali kiasi kwamba trekta haliwezi kupanda. Kwa nini wanajitesa hivyo? Je, na mimi nihamie kilimani?

JIBU: Ndugu mkulima, anza na jua kabla ya udongo. Ampuis, kijiji cha mashamba hayo kwenye ukingo wa magharibi wa mto Rhône, kipo takriban nyuzi 45 kaskazini ya ikweta, hivyo mwishoni mwa Septemba, zabibu zikimalizia kuiva, jua la adhuhuri hufika nusu tu ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini. Kwenye tambarare mwanga huo huanguka kimshazari na nguvu yake hutawanyika, lakini mteremko unaotazama kusini na kusini-mashariki hulipokea jua karibu uso kwa uso. Ndiyo maana jina la mahali hapo lina maana ya mteremko uliobanikwa. Hombolo, nyuzi 6 kusini ya ikweta, jua unalipata bila kupanda mlima.

Mteremko huwasaidia pia usiku, kwa kuwa hewa baridi ni nzito na huteremka bondeni, ikiyapunguzia machipukizi ya Aprili hatari ya jalidi, yaani umande ulioganda. Upepo wa kaskazini uitwao Mistral hukausha majani baada ya mvua na kupunguza ukungu, ingawa una nguvu ya kuvunja matawi, na kwa sababu hiyo mizabibu hufungwa kwenye vigingi, mara nyingi viwili vilivyoinamishwa hadi vikakutana vichwa.

Udongo wenyewe ni haba. Chini yake kuna miamba, mingi ikiwa shisti, ambayo hubanduka tabaka kwa tabaka kama chapati, na mizizi hupenya katika nyufa zake kutafuta maji, huku mzabibu ukizaa kidogo. Vilima ni viwili. Upande wa Côte Brune (mteremko mweusi) udongo una rangi nzito na madini ya chuma, na mvinyo wake huwa na ukakasi. Côte Blonde (mteremko wa dhahabu) ina udongo mwepesi wenye mchanga, na mvinyo wake hulainika mapema, japo zabibu ni za aina ileile, Syrah. Wenyeji husimulia kwamba majina hayo yalianza pale bwana mmoja alipowagawia vilima hivyo binti zake wawili, mmoja mwenye nywele nyeusi na mwingine za dhahabu. Mimi, kuhusu tofauti hiyo, naiamini miamba zaidi.

Gharama yake ni kubwa: kuta za mawe yasiyoungwa kwa saruji hubomoka na kujengwa upya, na udongo uliosombwa na mvua hurudishwa juu, zamani kwa vikapu mgongoni.

Kwa hiyo baki Hombolo. Ila baada ya mvua kubwa, chimba shimo la kina cha mita moja shambani. Maji yakituama humo hadi kesho yake, anza na mifereji, kwa sababu mizizi ya mzabibu haivumilii kukaa majini.