Kabla ya fizikia ya madarasa ya juu, shika herufi kwanza

Kila vakansi kubwa, hapa Goma, wazazi wananiuliza mtoto anayeingia seksio ya sayansi asome hesabu gani ili fizikia isimshinde. Wengi wanadhani nitataja derive na integrali. Hizo zitakuja kwa wakati wake. Wanafunzi ninaowafundisha jioni hawakwami huko, wanakwama kwenye herufi zinazosimama badala ya namba.

Mwambie mwanafunzi mwendo ni mita 20 kwa sekunde na muda ni sekunde 4, umbali anautoa mara moja. Mpe kanuni ya jiwe linalobembea kwenye uzi, T = 2π√(l/g) (T ni muda wa kwenda na kurudi mara moja, l ni urefu wa uzi, g ni nguvu ya mvutano wa dunia kwa kila kilo), umwambie atafute g, kalamu inasimama. Basi anza hapo. Pandisha pande zote kwenye kipeo cha pili ili kipeuo kiondoke, kisha hamisha mpaka ubaki na g = 4π²l/T². Namba zisubiri. Ukishafika, funga jiwe dogo la makoro, yaani la volkano, kwenye uzi wa mita 1 (makoro hatuyakosi), libembee kidogo tu, upime muda wa kwenda na kurudi mara 20. Utapata kama sekunde 40, yaani T ni 2 hivi, na g itakuja karibu na 9,8. Mtoto akiiona namba hiyo imetoka mikononi mwake, haogopi tena kanuni.

Trigonometria nayo haikwepeki. Tazama chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili, inayoshuka kutoka Kibumba na magunia ya viazi. Tuseme pamoja na mzigo ni kilo 300, na mteremko ni digrii 10. Ukichukua g kuwa 10, uzito ni nyutoni 3000, wima kuelekea chini. Chukudu haishuki wima, inafuata barabara, kwa hiyo uzito unaugawa: 3000 × sin 10°, nyutoni 520 hivi, ndizo zinazoivuta kwenye mteremko, 3000 × cos 10°, karibu nyutoni 2950, zinakandamiza barabara. Kila mwaka naona sini na kosini zikibadilishana nafasi. Dawa yake si kukariri. Jiulize: mteremko ukiwa sifuri? Barabara tambarare haivuti chukudu, na sin 0° ni sifuri. Basi sini ndiyo ya kuvuta. Anayeweza kujiuliza hivyo, vekta (vipimo vyenye ukubwa na mwelekeo, kama uzito huo) hazitamsumbua sana.

Vipeo vya kumi vinahitaji siku chache tu za mazoezi. Grafu zipe muda zaidi: mwinamo wa grafu ya umbali na muda ni mwendo, na eneo chini ya grafu ya mwendo ni umbali. Ukilielewa hilo kwa penseli na karatasi ya miraba, derive na integrali umeshazianza.

Wadogo zangu, mkiwa na mwezi mmoja tu kabla ya Septemba, nusu yake ipeni herufi. Kila zoezi limalizeni kwa herufi mpaka mstari wa mwisho, ndipo mguse kikokotoo.