Joto kupanda kwenye foleni: anza na feni

Umeeleza kwamba Mazda MX-5 yako ya mwaka 1992 hupandisha joto ikiwa kwenye foleni, lakini hutulia mara tu unapoongeza mwendo. Dalili hiyo inaelekeza kwenye feni kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu gari linapokimbia upepo wenyewe hupooza rejeta, ilhali linaposimama ni feni pekee inayovuta hewa. Fungua kisanduku cha uchunguzi kilicho chini ya boneti, unganisha tundu lililoandikwa TFA (la feni) na lililoandikwa GND (la ardhi) kwa waya mfupi, kisha zungusha ufunguo bila kuwasha injini: feni ikizunguka, basi mota, fyuzi na relei (swichi ya umeme inayoipa feni umeme) ni nzima, na kinachobaki kushukiwa ni swichi ya joto au waya wake. Isipozunguka, ipe mota umeme wa betri moja kwa moja uone kama yenyewe ni nzima.

Tafadhali tazama pia tangi la plastiki la rejeta. Likiwa limegeuka rangi ya kahawia, limeshachoka na linaweza kupasuka, kwa hiyo mimi ningebadilisha rejeta hata kama hitilafu ilikuwa ya feni. Usifungue kifuniko chake injini ikiwa ya moto.