Maswali yenu: namba ya utambulisho ndani ya chipu ya USB

Nina vifaa viwili vyenye chipu ya FT232R, ile inayounganisha USB na poti ya serial. Kila nikivichomeka, majina ya poti yanabadilishana. Nivitofautisheje?

Usitegemee jina la poti. Namba ya mtengenezaji na ya bidhaa nazo hazitakufaa, maana FT232R hutoka kiwandani zote zikiwa na 0403 na 6001. Tazama namba ya mfululizo. Kwenye Linux, fungua /dev/serial/by-id. Utaikuta ndani ya jina la kila kifaa, na jina hilo halibadiliki hata ukihamia tundu jingine.

Namba hiyo ya mfululizo yatosha kufungia leseni ya programu yangu?

Haitoshi hata kidogo, na nasisitiza kwa sababu wengi wameshaitumia kwa kazi hiyo. Inakaa kwenye EEPROM, yaani kumbukumbu inayoweza kuandikwa upya, na yeyote mwenye FT_PROG, programu ambayo FTDI, watengenezaji wa chipu, wenyewe wanaitoa bure, anaiandika upya mara moja. Chipu hiyo ina namba ya pili, FTDIChip-ID, iliyochomwa kiwandani wala haibadilishiki. Hii haionekani katika maelezo ambayo kifaa hujitambulisha nayo kinapochomekwa. Unaiomba kupitia D2XX, draiva ya FTDI wenyewe, na maktaba yake, au kwa amri ya ftdi_read_chipid iliyomo katika maktaba huria ya libftdi.

Ila namba ya kudumu si namba ya siri. Aliyekishika kifaa anaweza kuisoma kama wewe. Kwa hiyo usiishie kulinganisha namba mbili: tengeneza faili ya leseni yenye namba ya chipu ndani yake, itie saini ya kidijitali kwa ufunguo unaobaki kwako, kisha programu ihakiki saini kwanza na namba baadaye. Hapo mtu hawezi kujiandikia leseni ya chipu nyingine.

Nimeweka D2XX kwenye Linux lakini haikifungui kifaa.

Draiva ya ftdi_sio, inayokuja na Linux yenyewe, imeshakishika. Itoe kwa `sudo rmmod ftdi_sio`, ujaribu tena.

Chipu yangu ya CH340, nayo ya USB na serial, haionyeshi namba yoyote ya mfululizo. Imeharibika?

Hapana, CH340 nyingi hazina namba ya mfululizo. Windows ikikosa namba hiyo hukitambua kifaa kwa tundu kilipochomekwa, ndiyo maana ukihamisha waya unapewa jina jipya la poti (COM). Kama nyuma ya CH340 kuna mikrokontrola ya STM32, iandikie msimbo wa kutuma namba yake yenyewe: ina biti 96, nayo imeandikwa kiwandani.