Jibu: Kani zimelingana, mbona lifti bado inapanda?

Ndugu, umeuliza iweje lifti iendelee kupanda wakati kamba inaivuta juu kwa kani iliyo sawa kabisa na uzito wake. Kwa nini isisimame tu? Kwa sababu kani haihitajiki ili kitu kiendelee kwenda. Inahitajika kubadilisha mwendo.

Chukua mtu wa kilo 60, asimame juu ya mzani ndani ya lifti. Uzito wake ni kama nyutoni 590 (nyutoni ni kipimo cha kani). Lifti inapoanza kupanda, tuseme kwa mchapuko, yaani ongezeko la kasi, wa mita 1 kwa sekunde mraba, sakafu inamsukuma kwa nyutoni 650 hivi. Mzani unasoma kilo 66, na magoti anayasikia yakilemewa. Hapo ndipo kani hazilingani. Kasi ikishatulia, mzani unarudi kilo 60, ingawa ghorofa zinaendelea kupita! Ikikaribia kusimama, unashuka chini ya 60.

Kinachotuchanganya wengi ni msuguano. Ukiacha kusukuma mkokoteni unasimama, basi tunadhani mwendo unakula kani. Kumbe msuguano umebaki peke yake, hauna wa kuukabili. Galileo alilitambua hili, na Newton akaliweka kuwa sheria yake ya kwanza ya mwendo mwaka 1687.

Kwenye mtihani, ukiona kasi isiyobadilika katika mstari ulionyooka, andika kwanza kwamba jumla ya kani ni sifuri. Ila gari likiwa kwenye kona usiandike hivyo, hata kama spidi ni ileile, maana mwelekeo unabadilika.